Viatu vya Dansi Vipimwe Miguuni

Katika mkutano wa klabu yetu ya utamaduni uliofanyika muhula huu, lilitolewa shauri kwamba kila mchezaji wa dansi ya kugongesha viatu alipe Sh. 35,000, ili ziagizwe kutoka Dar es Salaam jozi kumi na nne za viatu vyeusi vinavyong'aa, vyote vya namna moja. Kila mmoja ataandika namba yake katika karatasi, na asiyelipa kabla ya shule kufunguliwa muhula ujao atawapisha wengine. Shauri hilo lilipigiwa makofi mengi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa kengele ya chakula ililia kabla sijapewa nafasi ya kusema, namwomba Mhariri aniruhusu niseme hapa katika gazeti letu.

Sipingi dansi yenyewe. Mimi ni mmoja wa hao kumi na wanne, na naipenda. Lakini wasomaji wa Kidato cha Kwanza hawajaiona, basi yafaa niwaeleze kidogo. Mchezaji huvaa viatu vyenye soli ngumu. Chini ya vidole hupigiliwa kipande cha chuma, na chini ya kisigino kingine. Hapigiwi ngoma na mtu. Miguu yake ndiyo ngoma, na masikio ya watazamaji hufanya kazi kuliko macho yao.

Ilizaliwa Marekani miongoni mwa watu weusi. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi, wakaandamana wakipiga ngoma kuwaita wenzao, na mwaka uliofuata sheria ya huko ikawakataza watumwa kutumia ngoma na baragumu. Ngoma zilikatazwa, lakini nani angekataza mikono na miguu? Mapigo yakaendelea mwilini. Baadaye yakachanganyika na dansi za Waairishi na za wafanyakazi wa viwanda vya Lancashire, Uingereza, waliovaa viatu vya mbao. Miaka ya 1840 kijana mmoja mweusi, William Henry Lane, alikuwa hodari hata akavuka bahari akacheza London mwaka 1848. Na Bill Robinson, aliyezaliwa Richmond, Virginia, tarehe 25 Mei 1878, aliendelea kupenda soli za mbao hata wakati wenzake walipokwisha kuhamia vyuma. Bunge la Marekani liliitenga tarehe hiyo ya kuzaliwa kwake mwaka 1989 kuwa siku ya dansi hii.

Sisi wa Katavi hatuna haja ya kushangaa sana. Nani kati yetu hajawasikia wachezaji wa Kisukuma huko Majimoto au Usevya, njuga zimefungwa miguuni, mguu ukishuka sauti inatoka pamoja nao? Mcheza njuga huzifunga kamba barabara. Njuga zikilegea, hulia mara mbili: mara moja mguu unapotua, na mara ya pili zenyewe zinapoteleza. Wazee huicheka ngoma ya namna hiyo. Nasema kiatu cha dansi ni kama njuga, tena ni kama ngozi iliyowambwa juu ya mzinga. Kikiwa kikubwa, kisigino cha mguu hupanda kwanza, kiatu kikafuata nyuma, na sauti ikachelewa. Watu kumi na wanne wakichelewa kila mmoja kwa kadiri yake, hiyo si dansi tena, ni mvua ya mawe juu ya mabati.

Sasa nirudi kwenye karatasi ya namba. Wenzangu hudhani kwamba namba ya kiatu ni kitu cha hakika, kama kilo ya sukari. Siyo. Kwa hesabu ya Kiingereza, namba tatu hutimiza inchi moja, yaani kila namba huongeza milimita nane na nusu hivi. Kwa hesabu ya Kifaransa, ambayo ndiyo tunayoiona katika viatu vingi vya mitumba, namba tatu hutimiza sentimeta mbili, yaani kila namba huongeza chini kidogo ya milimita saba. Ndiyo maana mtu mmoja aweza kuwa 7 katika kiatu hiki, na 40 au 41 katika kile, bila mguu wake kubadilika. Tena namba hizi zote hupima urefu. Upana haumo.

Na upana ndio hasa taabu yetu. Wengi wetu tulikua pekupeku, tukichunga, tukilima, tukienda shule ya msingi. Mguu uliokua bila kiatu hutanuka mbele, vidole vikaachana, kila kimoja kikapata nafasi yake. Huo si ubaya. Ni mguu mzuri wenye nguvu, na mchezaji wa kugongesha angeuombea. Lakini viwanda vingi hutengeneza viatu vyembamba mbele, na hivyo vinavyong'aa ndivyo vyembamba kupita vyote. Mwenzetu mmoja mwaka jana aliazima kiatu namba 38, na kweli urefu wa mguu wake ni 38. Alifanya mazoezi siku tatu. Siku ya nne alikuwa akitembea kwa visigino kama mtu anayekanyaga makaa, malengelenge yamepasuka pande zote mbili, na kwenye mashindano ya ngoma na shule jirani alikaa benchi akatushikia maji. Sauti yake katika mapigo ya katikati ilikosekana, na kila mtu aliisikia ilivyokosekana. Yeye ameniruhusu nieleze habari hii, ila jina nisilitaje.

Wa pili alikuwa na shida iliyo kinyume. Kiatu kilikuwa kikubwa, akakijaza karatasi za magazeti mbele. Wale waliokuwapo kwenye mahafali watakumbuka kiatu kilichoruka kikaanguka karibu na meza ya wageni. Tulicheka, naye alicheka, lakini baada ya hapo hakurudi tena klabuni.

Yapo mazoea ya nyumbani ambayo ni mema mahali pake lakini hayafai hapa. Mama aendapo mnadani hukata kijiti au uzi sawasawa na wayo wa mtoto, akaongeza vidole viwili ili mtoto akue navyo. Kwa kiatu cha shule ni busara. Fedha ni chache na miguu ya watoto haingoji. Lakini kiatu cha dansi ni cha mguu wa leo. Asiyeweza kuvumilia kununua kiatu kinachomkaa leo, kwa hofu ya mwakani, afadhali acheze pekupeku.

Basi kitachaguliwaje? Nilimuuliza fundi viatu mmoja hapa mjini, mzee aliyezoea kazi hiyo miaka mingi, na mengi ninayosema nimeyapata kwake; mengine nimeyajaribu mwenyewe.

La kwanza ni saa. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea, na ikichezeshwa huvimba zaidi. Anayejaribu kiatu saa mbili asubuhi amejaribu kwa mguu ambao hatachezea. Aende alasiri, baada ya kutembea, amevaa soksi zile zile atakazochezea. Akiazima soksi nyembamba ya muuzaji amejidanganya.

Ajaribu vyote viwili. Watu wengi mguu mmoja ni mkubwa kuliko wa pili, na kiatu hununuliwa kwa ule mkubwa. Mdogo utasaidiwa kwa soli ya ndani. Asimame, asikae, kwa maana mguu hutandawaa unapobeba mwili. Vidole vyote vinyooke. Mbele ya kidole kirefu, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, ibaki nafasi ndogo, pungufu ya ile tunayoiacha katika kiatu cha kutembelea. Kisha asimame juu ya ncha za vidole. Kisigino kikichomoka hata kidogo, akirudishe kiatu kwa muuzaji, asisikilize maneno. Mwisho akikunje kiatu kwa mikono: kikunjike pale penye mzizi wa vidole, ambapo mguu nao hukunjika. Kikikunjika katikati, unyayo utauma kabla dansi haijaisha. Kisipokunjika kabisa, mchezaji atagonga kama mtu anayetwanga, maana vidole havitapata kuinuka peke yake.

Wauzaji wana neno lao moja wanalolipenda: «Kitatanuka.» Ngozi hutanuka, ni kweli, kwa upana, na si sana. Kwa urefu haitanuki. Plastiki haitanuki popote, hupasuka. Na viatu vile vinavyong'aa kama kioo, ambavyo wenzangu wameviona katika picha ya simu, mimi nadhani ni plastiki, ingawa bei yake ni ya ngozi.

Kiatu cha kamba ni bora kuliko cha kuchomeka. Kamba humpa mchezaji uwezo wa kukaza mahali palipolegea na kulegeza palipobana, kama vile mpiga ngoma anavyoisogeza ngoma motoni. Hilo sitalieleza zaidi.

Najua nitaambiwa: tutavipata wapi hapa Mpanda? Nasema, sokoni, katika mitumba, na katika viatu vyetu vyeusi vya shule ambavyo wengi tunavyo tayari. Kiatu cha mtumba kina jambo moja ambalo kiatu cha kuagizwa hakina: kiko mbele yako, waweza kukivaa. Lakini kitazamwe vizuri. Mwenye kiatu wa kwanza ameacha alama ya mguu wake ndani. Ukihisi shimo lake haliko penye kisigino chako, kiache. Tazama kisigino kwa nyuma: kikiwa kimelika upande mmoja kitakupinda nawe. Tazama soli. Soli ya ngozi au ya mpira mgumu hushika skrubu; soli laini kama sifongo haishiki kitu, hata ikipigiliwa mara ngapi.

(Kuna watakaosema ni aibu kutegemea mitumba. Nami naona uchungu kidogo. Nchi yetu ilijenga kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya, hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kilifikiriwa kwa miguu ya Ulaya, na Ulaya haikuvaa.)

Kuhusu vyuma: visipigiliwe siku ya kwanza. Kiatu kwanza kizoeane na mguu kwa mazoezi ya majuma mawili hivi bila chuma, na kikionekana kimekubali, ndipo kipelekwe kwa fundi. Chuma kisiwe bati la kopo, ambalo hulia kama sufuria tupu na kingo zake hukata. Kitiwe skrubu, si misumari. Msumari hupenya polepole mpaka siku moja unakutana na unyayo. Skrubu zitazamwe kila kabla ya kucheza. Na ambaye hana fedha ya chuma asihuzunike: watoto wa mitaani kule New Orleans hubandika vizibo vya soda chini ya raba zao, na watalii husimama kuwatazama.

Mwenzetu mmoja alitaka tutumie mabuti ya mpira, kama wachimba dhahabu wa Afrika Kusini walivyofanya, ambao walipewa mabuti kwa ajili ya maji ya mgodini wakayageuza kuwa ngoma kwa kuyapiga kwa viganja. Ni dansi nzuri, na mji huu ambao reli yake ililetwa na mgodi wa risasi ungeifurahia. Lakini hiyo ni dansi nyingine. Buti lile hulegea makusudi, na sauti yake hutoka mikononi. Tuifanye siku nyingine kwa jina lake.

Kuna jambo ambalo halikutajwa kabisa mkutanoni, nalo ni sakafu. Bwalo letu lina sakafu ya saruji. Saruji hairudishi mguu. Pigo lote hupanda miundini na magotini, na hata kiatu kizuri hakiwezi kuyaponya maumivu hayo. Chuma nacho huichubua saruji, jambo ambalo mwalimu wa zamu amekwisha kulisema kwa ukali. Udongo wa nje hauna sauti. Dansi hii yataka mbao. Nyuma ya karakana yako madawati mabovu yasiyotengenezeka, yenye mbao zilizo nzima. Mkuu wa shule akikubali, mafundi wetu wa Kidato cha Nne waweza kuyafanya jukwaa la mita mbili kwa nne, lililoinuliwa kidogo kwa mirunda ili livume. Nina hakika fedha zote za jukwaa hilo hazitafika bei ya jozi tatu za viatu vya Dar es Salaam.

Sasa nafika penye sababu iliyonifanya niandike. Katika wachezaji kumi na wanne, watano hawatalipa. Nawajua. Mmoja anatoka Karema, baba yake mvuvi. Wawili wanatoka Mishamo. Wengine sitawataja mahali pao. Kwa wazazi wao fedha hiyo ni madebe mengi ya mahindi, na muhula ujao kuna daftari, sabuni na nauli. Tena katika watano hao yumo yule ambaye sisi wote humtegea sikio tunapopotea. Yeye hucheza kwa viatu vyeusi vya shule, vimeshonwa kwa uzi wa kijani ubavuni, na kisigino chake hakijapata kuchelewa hata mara moja. Shauri lile, likitekelezwa, litatoa jukwaani mguu ulio bora ili kuingiza kiatu kinachong'aa.

Nimejibiwa na kiongozi mmoja wa klabu kwamba mgeni rasmi atachekwa na moyo akiona viatu vya namna mbalimbali, na kwamba usawa ni heshima ya shule. Usawa naukubali. Lakini rangi nyeusi na brashi hufanya viatu kumi na vinne vifanane kwa mtu aliyekaa mita kumi, na soksi nyeupe zitamaliza kazi. Masikioni ndiko usawa unakotakiwa, na huko rangi haifiki.

Mambo haya si mageni katika nchi yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 ilianza pwani, huko Lamu na Mombasa, ngoma ya Beni, watu wakicheza kwa gwaride wamevaa sare, kofia na viatu, wakipeana vyeo vya kijeshi. Ilienea Tanganyika, na Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikaisukuma bara. Walikuwapo Marini, waliojiona watu wa juu, na Arinoti, waliokuwa wa hali ya chini. Walishindana kwa mavazi na karamu mpaka wazee wakalalamika juu ya fedha zinazoteketea. Siwacheki, walikuwa na furaha yao na umoja wao. Lakini klabu ya shule ya serikali haikuundwa ili iwe na Marini wake na Arinoti wake.

Kwa hiyo naomba shauri la Sh. 35,000 lirudishwe mkutanoni, na wenzangu wasiende likizo na kuwaomba wazazi fedha hizo kwanza. Badala yake kila mmoja atoe Sh. 5,000 kwa skrubu, vyuma na ujira wa fundi, na aliye na zaidi asaidie jukwaa. Asiye na hata hiyo afanye kazi ya kupiga randa mbao.

Nimekwisha kuzungumza na mwalimu mlezi wa klabu, naye ameruhusu tukutane Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa kumi jioni, baada ya usafi, miguu ikiwa imekwisha kuchoka. Nitaleta maboksi, penseli na mkasi. Kila mchezaji atasimama juu ya boksi, mwenzake amchore wayo pande zote, wa kulia na wa kushoto, kisha tutaikata michoro hiyo. Anayekwenda sokoni kumnunulia mwenzake ataitumbukiza ndani ya kiatu: ikilala bila kujikunja pembeni, upana umetosha. Anayetaka kuchorwa aje na soksi zake, safi tafadhali, maana nitakayepiga magoti ni mimi.